Kushuka Wapi, Baba?

Mimi ni mwashi. Nimepanga matofali miaka thelathini na mbili, na kazini wananiita Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu ukuta wangu ukisimama umesimama, na mimi mwenyewe nikisema jambo sipindi. Nalisema hili mapema usije ukadhani unazungumza na mtu wa kuogopa-ogopa ovyo. Nimekaa ghorofa ya tisa nikila mkate wangu wa mchana, miguu inaning'inia, na nikasinzia. Kwenda juu hakunitishi. Kinachonitisha ni kitu kinachotikisika.

Sisi watu wa ujenzi, tunaosimama kwenye majukwaa ya mbao, tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Jukwaa likicheza, shuka. Usiulize limechezeshwa na nini, usimalizie tofali ulilolishika, usigeuke kuchukua mwiko. Shuka kwanza, maswali utauliza ukiwa chini. Mwaka wangu wa tano kazini tulikuwa na mpiga lipu mmoja, mcheshi kweli kweli. Jukwaa likacheza, sisi tukateremka mbio, yeye akasema, “Ngojeni nimalizie kona hii.” Ile kona alikuja kuimalizia mtu mwingine. Tangu siku ile miguu yangu haisubiri ruhusa yangu. Kikitikisika kitu, nastukia niko chini.

Sasa sikiliza. Dada yangu amenizidi miaka kumi na miwili. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka minne, kwa hiyo aliyeniogesha, aliyenichapa na aliyenipeleka shule ni yeye. Aliacha masomo akaenda kupika kwenye jiko la shule ya bweni ili mimi nisome, na mimi nikamlipa kwa kuacha shule nikashike mwiko. Alininunia mwezi mzima. Halafu akaenda mwenyewe dukani akaninunulia mwiko. Huyo ndiye dada yangu. Baadaye akaolewa mbali, saa sita kwa ndege, akapata binti mmoja huko.

Mwaka mmoja figo zake zikafa, zote mbili. Akawa anaishi kwa mashine, siku tatu kwa wiki. Binti yake akapimwa, akakutwa na kisukari, hafai kutoa. Nikapimwa mimi huku nyumbani, majibu yakatumwa, na daktari wao akasema tumelingana kuliko alivyotarajia. Nilifurahi, jamani! Nilitamba mtaa mzima kwamba nakwenda kumpa dada yangu figo. Fundi wa baiskeli akaniuliza kama sitaki kumpa na yeye moja. Nikamwambia zipo mbili tu, na moja naihitaji.

Binti huyo, mpwa wangu, akafunga safari kuja kunichukua. Anafundisha jiografia, kila kitu kwake kina maelezo. Tukapanda ndege, tukakaa, nikafunga mkanda. Mlango ulikuwa bado wazi. Halafu mtambo fulani huko mkiani ukawaka na sakafu ikaanza kutetemeka chini ya viatu vyangu.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimesimama chini kwenye lami, jua kali, na mpwa wangu juu ya ngazi anaita, “Mjomba! Mjomba, rudi!” Sikurudi. Walinibembeleza, wakanikasirikia, wakafunga mlango. Ndege ikaondoka na mpwa wangu, na siku ya upasuaji wa dada yangu ikapita hivihivi.

Kulipokucha mtaani kila mtu ananipa pole ya malaria. Dada ndiye aliyepiga simu kwa ndugu na majirani wote akawaambia nimeanguka ghafla uwanja wa ndege, homa kali, kichwa, nimeshindwa kusafiri. Mimi mwenyewe hakuniambia kitu. Nilipompigia akasema, “Pumzika, mdogo wangu.” Nilikaa na ile malaria ya bandia miezi mitano. Watu waliniletea ndimu. Kila ndimu ilinichoma moyoni kuliko tusi.

Nikapanga kwenda kwa basi, siku sita njiani, basi niteseke mimi. Mvua ikala madaraja mawili. Halafu simu ikaja: moyo wa dada umeanza kujaa maji, daktari ametoa tarehe nyingine, Jumatano ijayo, na amesema wazi kwamba hii ikipita hatampasua tena, mwili wake hautahimili. Jumapili tupande ndege. Mpwa wangu akaja mara ya pili kunichukua kama mzigo uliokwama forodhani.

“Mjomba,” akasema tukiwa kwenye foleni ya ukaguzi, “mtikisiko ni kama barabara mbovu tu. Hewa ina mashimo yake.”

“Barabara mbovu nikiichoka nashuka, natembea.”

Akasogea mbele na begi lake. Alikuwa amekonda, ana macho ya mtu asiyelala, na hapo hapo nikaona aibu ya kumjibu hivyo. Alikuwa ananibembeleza mimi, mtu mzima ovyo, na mama yake anakufa.

Alituombea viti vya mbele kabisa, kwa sababu aliambiwa mbele hakuchezi sana. Mimi pembeni mwa njia, yeye dirishani. Mbele yetu hapakuwa na viti, ila kile kiti kidogo cha kukunja cha mhudumu, kimeelekea kwetu. Aliyekaa pale alikuwa mama wa umri wangu, nywele zimeanza mvi, kilemba cha sare kimefungwa barabara. Ndege ilipoanza kukimbia alinitazama mara moja tu akajua.

“Mara ya kwanza?”

“Ya pili,” nikasema. “Ya kwanza nilishuka.”

Hakucheka. “Mimi niko hapa,” akasema. “Ukiona vibaya, nitazame usoni. Ukiniona mimi nimeogopa, ndipo na wewe uogope.”

Nilikuwa na dawa yangu mwenyewe niliyoitayarisha wiki nzima. Nilifumba macho nikaanza kujenga. Nilichimba msingi, nikamwaga zege, nikapanga kozi ya kwanza ya matofali, nikaweka pima maji, nikagonga tofali kwa mpini wa mwiko. Kozi ya pili. Kozi ya tatu. Ndege ikipiga kishindo kidogo, mimi natia udongo kwenye kiungo, nasawazisha, naendelea. Nilifika usawa wa madirisha. Saa tatu nzima nimejenga, na nakuambia ilikuwa kazi safi, hata mpwa wangu alinong'ona, “Mjomba, umeweza.” Nikaanza kuamini. Nikanywa chai.

Rubani akatangaza kwamba mbele kuna hali mbaya ya hewa, kila mtu akae, wahudumu pia wakae. Yule mama akaketi pale mbele yetu akajifunga mikanda yake, miwili ya mabegani na mmoja wa kiunoni. Ndege ikaanza. Kwanza kama gari kwenye matuta. Nikajenga. Halafu ikaegemea upande, ikapiga kitu ambacho hakipo, makabati ya juu yakalia, mtu nyuma akapiga yowe, na sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyangu.

Jukwaa likicheza, shuka.

Nakuapia sikuamua. Mikono yangu ilifungua mkanda na miguu yangu ikasimama. Nilikuwa nimeshapiga hatua moja kuelekea mlango, mkono umenyooka mbele, niko mita elfu kumi juu ya ardhi nakwenda kushuka. Mpwa wangu alinishika shati, shati likachanika. Yule mama akapiga kelele, “Kaa chini! Kaa chini!” Sikumsikia kama maneno. Nilikuwa nasikia jukwaa tu.

Akafungua mikanda yake. Ile yote mitatu. Akanirukia, akanisukuma kifuani kwa nguvu ambazo sikutegemea kwa mwanamke mwembamba vile, nikaanguka kwenye kiti, akainama juu yangu akautafuta mkanda, akauvuta, ukafunga. Nilisikia unavyofunga. Na hapo hapo ndege ikadondoka.

Mimi mkanda ulinishika tumboni. Yeye hakuwa na kitu cha kumshika. Alipaa mbele ya macho yangu, akagonga dari kwa mgongo na kichwa, halafu akarudi chini, mkono wake wa kulia ukatangulia, ukapiga ukingo wa kiti changu. Mlio wa mfupa naujua. Nimeusikia kazini mara mbili.

Nikamvuta. Nikambana katikati ya magoti yangu, mikono yangu yote miwili nimemzungushia, nikakaza miguu kwenye ukuta wa mbele. Wenzake hawakuweza kuinuka, rubani alishakataza. Kwa hiyo tulikaa vile, sijui dakika kumi, sijui ishirini, ndege inatupigapiga, damu ya kichwa chake inaniingia kwenye shati lililochanika, mpwa wangu ameinama kutoka kwenye kiti chake amemshika mabega. Yule mama alikuwa anataja majina ya watoto wake, mmoja mmoja, akimaliza anaanza tena.

“Usiniachie,” akasema.

“Sikuachii, mama. Nimekushika.”

Usidhani hofu iliniisha. Watu hupenda kusimulia kwamba hofu iliisha. Mimi niliogopa mpaka meno yaligongana. Lakini mikono ilikuwa na kazi, na nilijua nikiilegeza hata kidogo ujinga wangu utamponza mama huyu mara ya pili, na safari hii atakufa. Nikaikaza.

Mawingu yalipoisha, abiria mmoja akaja, daktari wa meno, akamfunga mkono kwa jarida na kilemba cha yule mama mwenyewe. Kichwani alikuwa amechanika tu. Wakamlaza kwenye viti vitatu, ng'ambo ya njia. Nikapiga magoti pembeni yake.

Yeye ndiye aliyeanza kusema. Uso umemkauka, anahema taratibu. “Ulikuwa unakwenda wapi?”

“Kushuka.”

Akanitazama. “Kushuka wapi, baba?”

Nililia. Mwanaume mzima, mvi kichwani, nikalia mbele ya ndege nzima. Mpwa wangu akamweleza: figo, mama yake, Jumatano, ile mara ya kwanza. Yule mama akasikiliza macho yamefumba. Mwishoni akasema, “Basi nenda ukatoe hiyo figo. Mimi mkono wangu nishautoa.” Akageukia upande wa pili, na hakusema nami tena mpaka tulipotua na machela ikaja kumchukua.

Kuna msemo wetu, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nimeusema maisha yangu yote nikiwafundisha vijana kushuka jukwaani. Siku ile niliuona ulivyo. Kicheko kilibaki kwangu, na kilio nikakipeleka nyumbani kwa watu.

Hospitali wakanipima presha Jumatatu asubuhi. Mia na sabini kwa mia na tano. Nesi akapima tena, akabadilisha mkono, akapima tena. Daktari bingwa, mtu mfupi wa maneno machache, akasema kwa presha hiyo hanigusi. Akanipa dawa. Akasema Jumatano alfajiri ikiwa bado juu, anafunga jalada. Nikamwuliza anafunga la nani. Akasema, “La dada yako.”

Jumanne mchana ilikuwa bado mia na hamsini na nane. Nikaenda kumwona dada kwenye chumba cha mashine. Kilikuwa chumba kirefu, viti vya kulalia vimepangwa kando ya ukuta, kila kiti na mashine yake, mirija ya damu inakwenda na kurudi, na redio ndogo inasoma matangazo ya vifo. Dada alikuwa amebaki mifupa juu, na chini miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote. Nilimwambia nimemvunja mwanamke wa watu. Nikamwambia tangu siku ile niliposhuka sijalala usiku mmoja mzuri, najua nilimuua nusu, na sasa hofu hiyo hiyo imehamia kwenye damu na itamuua nusu iliyobaki.

Akasikiliza. Alikuwa na ile tabia ya mpishi wa watu wengi, hakukatizi mpaka umalize sahani.

“Unajua siku ile uliposhuka kwenye ndege nilifanya nini?” akasema.

“Ulilia.”

“Nilishukuru Mungu.”

Nikadhani dawa zimempanda kichwani.

“Nilipiga magoti kitandani nikashukuru,” akasema. “Miezi yote ile kila nikifumba macho nakuona umelazwa, wanakufungua kwa kisu kwa ajili yangu. Mtoto niliyembeba mgongoni! Nikasema Mungu ameniepusha. Ile malaria niliizusha mimi ili wasikusukume tena. Nilitaka wakuache.”

“Dada, miezi mitano—”

“Niliogopa, mdogo wangu. Wewe unaogopa ndege. Mimi nilikuogopea wewe.”

Nilikasirika. Wacha nikuambie ukweli, nilikasirika kama sijawahi kukasirika. Nikasimama nikafoka, kwenye chumba cha wagonjwa, “Miezi mitano nakula ndimu za watu! Napita vichochoroni nisikutane na mtu! Kumbe wewe huku unashukuru? Umejaa maji mpaka moyoni halafu unashukuru?” Nesi akaja mbio akaniambia baba punguza sauti. Mzee wa kiti cha tatu akasema mwacheni aseme, redio yenyewe inachosha.

Dada akaanza kucheka. Kicheko chake ni kibaya siku zote, kinatokea puani. Mashine ikapiga kengele kwa sababu alitikisa mkono. Nikacheka na mimi, halafu sote wawili tukalia, nikaweka kichwa kwenye mkono wake usio na sindano. Nikamwambia kesho tunapasuliwa, na safari hii sikuombi ruhusa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwamrisha. Akasema, “Haya, baba.”

Jumatano alfajiri presha ilikuwa mia na thelathini na mbili. Daktari akasema dawa imefanya kazi. Sikumbishia.

Nilipozinduka ubavu wangu wa kushoto ulikuwa unawaka moto. Kitu cha kwanza nilichokiona ni simu ya mpwa wangu karibu na pua yangu. Kwenye simu kulikuwa na picha ya mfuko, na ndani ya mfuko maji ya rangi ya chai isiyokolea.

“Nini hiki?”

“Mkojo, Mjomba,” akasema, machozi yanamdondokea shingoni. “Mkojo wa mama! Umeanza kutoka akiwa bado kwenye meza ya upasuaji!”

Sikuwahi kufikiri kwamba nitaomba kuonyeshwa mkojo wa mtu mara mbili. Niliomba mara nne.

Baada ya wiki saba wakaniruhusu kurudi nyumbani. Dada alikuwa anatembea uani, anamgombeza mpwa wangu kuhusu chumvi. Madaraja bado, kwa hiyo ni ndege. Nilikwenda uwanjani peke yangu, nimekataa kusindikizwa, na kwenye meza ya kukagulia tiketi nikamkuta yeye. Yule mama. Amekaa nyuma ya kioo, mkono wa kulia umekunjika kwenye kiwiko kama mtu aliyebeba pochi, anaandika kwa mkono wa kushoto.

Aliniona kabla sijaamua kukimbia. Akachukua pasi yangu ya kusafiria, akaitazama, akanitazama.

“Dada yako?”

“Anakojoa, mama,” nikasema. Ndilo neno lililonitoka. “Lita mbili kwa siku.”

Alicheka mpaka foleni ikachungulia. Nami nikacheka, na kwa kitambo kidogo nikadhani yamekwisha. Halafu kicheko kikamwisha.

“Mkono hautanyooka tena,” akasema. “Wameukunjua, wameufunga vyuma, ndiyo mwisho wake hapo. Na mlango wa dharura lazima uufungue kwa mikono miwili, la sivyo huruhusiwi kuruka. Miaka ishirini na sita nimeruka. Sasa napima mizigo.”

“Nisamehe, mama.”

“Pole na samahani nimepokea nyingi.” Hakupandisha sauti. “Nimefurahi dada yako mzima. Nimefurahi kweli, usiku nitamwombea. Lakini sijakusamehe. Nataka ulijue hilo, usiende ukajidanganya. Siku nikikusamehe nitakupigia.”

Nikamwandikia namba yangu. Akaikunja kwa ule mkono mmoja, taratibu, akaitia mfukoni, akanipa karatasi ya kupandia na kumwita anayefuata.

Huu ni mwaka wa tatu. Dada amerudi jikoni kwake, amenenepa, anapika kupita kiasi. Kila mwaka napanda ndege kwenda kumwona. Nakaa, nafunga mkanda, nakamata ukingo wa kiti. Ikitikisika natikisika nayo, naogopa vilevile, jasho linanitoka mpaka soksi. Siinuki.

Yule mama hajapiga.